Hotpoti ya Jamhuri

Sehemu ya Tano

TAARIFA KWA UMMA. Msimulizi wa hadithi hii, mtu mzima mwenye mvi za heshima na vyeti vilivyokosa nafasi ukutani, anawatangazia wasomaji wote wa Kilosa, Mikumi na vitongoji vyake kwamba kuanzia leo atasimulia mambo mazito tu: sheria, sera, utawala bora na mustakabali wa taifa. Upuuzi wa wiki zilizopita hautarudiwa.

Sasa turudi kwenye nyama.

Wiki jana tulimwacha Costancia, Mshauri wa Sheria na Sera kutoka makao makuu ya mashtaka, amesimama peke yake katika ofisi ya mashtaka pale Kilosa, kipande cha tatu cha nyama kikiwa nusu mdomoni na nusu mkononi. Alikitoa kwenye hotpoti ya bluu iliyokuwa mezani. Hotpoti haikuwa na mwenyewe, na harufu ilikuwa inamwita kwa jina. Alipotaka kurudisha kifuniko ndipo akakiona kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye mkono wa hotpoti: KIELELEZO NA. 1. JAMHURI DHIDI YA MWAMVUA.

Na hapo hapo kitasa cha mlango kikazunguka.

Msomaji, mtu akikutwa hivyo ana njia mbili tu, kutema au kumeza. Costancia alisoma sheria miaka minne na sera miaka miwili. Alimeza.

"Shikamoo, mzee Evarist," alisema, machozi yakimlengalenga kwa ukubwa wa kipande.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama mshtakiwa? Kaa!"

Evarist ndiye Wakili wa Serikali wa hapo. Ni mtu mwema, ila tumbo lake hufika mahakamani dakika moja kabla yake. Asubuhi hiyo alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi.

"Mshauri, leo nimekula! Unamjua mke wangu, mama Joyce?"

"Simjui, mzee."

"Mtu wa Berega, kule milimani. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ananipikia nyama kwa nyanya na chumvi, basi. Nazi kwake ni ya kupaka nywele. Leo kaniwekea nyama ya nazi! Nimelamba mpaka kifuniko. Ilikuwa ya baridi kidogo, maana huyu binti yetu Joyce, yuko likizo kutoka bweni, ukimtuma alete chakula anasimama na kila mtu njiani. Nikaipasha kwenye jiko la chai. Mapenzi haya, mshauri, mapenzi!"

Costancia alimsikiliza kwa sikio moja. Alikuwa anahesabu miaka.

Miaka ishirini. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamngoja Mwamvua, mama lishe wa Mikumi, kama mahakama ingeamini kwamba nyama aliyokutwa nayo juzi jioni kwenye kibanda chake, kando ya barabara wanapopaki madereva wa malori, ilikuwa ya swala. Swala ni mali ya serikali hata akiwa kwenye mchuzi. Mwamvua alisema ni mbuzi. Aliyemkamata alisema ni swala. Ushahidi wote, wa huku na wa kule, ulikuwa ndani ya hotpoti moja ya bluu, na sasa sehemu ya ushahidi huo ilikuwa inateremka polepole nyuma ya vifungo vya blauzi ya Costancia.

Usimhukumu haraka. Alitoka Mikumi alfajiri, alikokuwa siku mbili akikusanya maoni. Chapati zake mbili alizitunza kwenye kiti cha mbele. Gari liliposimama dakika moja tu, nyani akaingiza mkono dirishani, akachukua zote mbili na leso. Costancia alimsomea kifungu cha sheria. Nyani alikula huku anamsikiliza.

Lakini ngoja nikuambie kilichomuuma zaidi. Maoni aliyokuwa anakusanya yalikuwa ya kuandikia mwongozo mpya kwa mawakili wote wa serikali, mwongozo wa namna ya kutunza vielelezo vinavyooza. Ukurasa wa kumi na nne unasema: "Kielelezo kisiguswe, kisihamishwe wala kisipunguzwe na mtu yeyote." Hilo neno "kisipunguzwe" aliliongeza yeye, kwa kalamu nyekundu, na alijisifu wiki nzima. Na bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio ya kazi.

"Haya, beba kielelezo twende," Evarist alisema. "Hakimu anatungoja saa nne."

"Mzee, kuna jambo..."

"Utaniambia njiani."

Njiani hakumwambia. Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza Evarist alikuwa anasalimiana na watu wa bodaboda. Mara ya pili alikuwa anasifia nazi. Mara ya tatu Costancia alifungua mdomo, Evarist akageuka kumsikiliza kwa makini kabisa, na yeye akasema, "Leo kuna jua."

"Jua la Kilosa ni hili hili," Evarist alimjibu.

Basi shetani akamshika mkono. Walipopita kwenye banda la supu, Costancia alisema anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakikuwa na kamba. Evarist alipotangulia, alimwambia muuzaji haraka haraka, "Nipe vipande vitatu vya mbuzi. Vya kuchemsha. Vifanane na vilivyopikwa juzi."

"Dada, nyama inafananaje na juzi?"

"Wewe nifungie tu!"

Alivitia kwenye mkoba, juu ya mwongozo, ukurasa wa kumi na nne ukalowa mafuta. Mpango ulikuwa mwepesi. Akifika kwenye korido ya mahakama angefungua kifuniko, angetumbukiza vitatu, angefunga. Mapungufu yangezibwa. Jamhuri isingejua.

Alifika kwenye korido. Akajificha nyuma ya nguzo, akaiweka hotpoti kwenye benchi, akafungua kifuniko, akachukua kipande cha kwanza kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hujala?"

Aligeuka. Upande wa pili wa benchi alikaa mama wa makamo, amejitanda khanga, pingu mikononi, askari anasinzia pembeni yake. Costancia alimjua kwa picha ya kwenye jalada. Huyu ndiye Mwamvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuona unavyoiangalia hiyo nyama. Njaa hiyo, mimi naijua, nimelisha watu miaka kumi na tisa. Nyama tupu asubuhi itakuchoma tumbo. Ungepata na ndizi mbili za kuchemsha. Ningekuwa kibandani kwangu ningekupa."

Costancia alitazama kipande mkononi. Akatazama pingu. Mtu anayesubiri miaka ishirini jela alikuwa anamhurumia yeye kwa kukosa ndizi.

Alirudisha kipande kwenye mkoba, akafunga hotpoti.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "ile nyama ilikuwa ya nini?"

"Mbuzi. Nimenunua Dumila mwenyewe, siku ya soko. Nimewaambia wote. Kila mmoja ananiambia nitasema mahakamani. Haya, nimekuja kusema."

Karani akaita. Wakaingia.

Niwaeleze kidogo, kwa kuwa niliahidi mambo mazito. Nyama haiwezi kungoja kesi. Kesi inaweza kwenda mwaka. Nyama siku tatu inatembea yenyewe. Kwa hiyo hakimu anakitazama kielelezo mapema, mshtakiwa akiwepo na akipewa nafasi ya kukisemea, halafu kinateketezwa na kubaki karatasi. Karatasi haiozi. Ukisikia mtu amefungwa kwa nyama ambayo hakimu wa kesi hakuiona, ujue alifungwa kwa karatasi hiyo.

Hakimu Filomena alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa. Watu wa Kilosa wanasema akikohoa, mawakili wanasimama.

"Orodha inasemaje?" aliuliza.

"Vipande saba vya nyama iliyopikwa, Mheshimiwa," Evarist alisoma. "Niliviorodhesha mwenyewe jana jioni, nikavifungia kwenye friji ya ofisi usiku kucha, leo asubuhi nikavitoa mezani. Tunaomba amri ya kuviteketeza."

"Fungua."

Karani akafungua. Akatazama ndani. Akamtazama hakimu. Akatazama ndani tena, pengine vingeongezeka.

"Mheshimiwa, viko viwili."

Chumba kilinyamaza mpaka tukasikia... samahani, mpaka waliokuwemo wakasikia feni.

"Bwana Wakili," hakimu alisema polepole, "saba vimekuwaje viwili?"

Evarist alitokwa jasho. "Mheshimiwa, panya... Hapana, panya hafungui hotpoti. Polisi... Hapana, polisi hawakuwa na ufunguo." Macho yake yakaangukia kwa Mwamvua. "Mheshimiwa, huyu mshtakiwa amekaa benchi moja na kielelezo hapo nje! Huenda ameharibu ushahidi! Naomba shtaka la pili liongezwe!"

"Mimi na pingu hizi?" Mwamvua alisema. "Ningekula kwa miguu, baba?"

"Mshtakiwa, ungoje zamu yako," hakimu alisema, na akachukua kalamu.

Costancia aliiona ile kalamu. Shtaka la pili. Aliiona na barua yake ya kuthibitishwa kazini, ambayo haijaandikwa bado, ikiruka dirishani kama chapati zake. Angeweza kukaa kimya. Yeye si wakili wa kesi hii. Kazi yake kushauri, na mshauri mzuri hujulikana kwa kukaa nyuma.

Alisimama.

"Mheshimiwa, huyu mama hajagusa kitu. Nimekula mimi."

Feni ikasikika tena.

"Wewe nani?"

"Costancia, Mheshimiwa. Mshauri wa Sheria na Sera, makao makuu."

"Sera gani hiyo?"

"Sikujua ni kielelezo. Nilikuwa na njaa. Nilikula, halafu nikaona kikaratasi."

Evarist alimtazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. "Mwanangu! Umekula ushahidi wa Jamhuri?"

"Nimekula, mzee."

"Vipande vitano?" hakimu aliuliza.

"Vitatu, Mheshimiwa."

"Orodha ni saba. Vimebaki viwili. Mimi hesabu nilisoma."

"Na mimi nilisoma, Mheshimiwa. Nilikula vitatu. Naapa."

"Mtu anakiri kula ushahidi halafu anadanganya idadi," Evarist alinong'ona, lakini kunong'ona kwake husikika hadi stesheni.

Hakimu akavua miwani. "Mshtakiwa. Sheria inanitaka nikusikilize kabla sijaamuru chochote. Njoo utazame. Ndiyo nyama uliyokamatwa nayo?"

Mwamvua alisogea. Akainama juu ya hotpoti. Akanusa. Akainuka na uso wa mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Hii? Hii si yangu!"

"Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia. Hotpoti inafanana, hizi bluu zenye ua kila nyumba inazo, tunanunua Dumila wote. Lakini chakula si changu. Hiki ni nyanya, maji na chumvi. Aliyepika hiki aliambiwa mgeni haji. Mimi napika kwa nazi, tui la kwanza na la pili. Miaka kumi na tisa, muulize dereva yeyote aliyepita Mikumi. Mnifunge kama mnanifunga, lakini si kwa mchuzi huu!"

Nazi.

Kitu kikagonga kichwani mwa Costancia. Alikumbuka kile kipande cha kwanza ofisini. Kilikuwa kinafuka moshi. Kilimchoma ulimi.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kuuliza jambo moja. Kielelezo kililala kwenye friji. Mimi nilichokula saa tatu asubuhi kilikuwa cha moto. Nyama inatokaje kwenye friji na moto?"

Hakimu alirudisha miwani usoni.

"Na mzee Evarist," Costancia aliendelea, akimgeukia kwa heshima zote, "wewe asubuhi ulikula nyama ya nazi. Ya baridi. Ukaipasha."

Kijiti kikamdondoka Evarist mdomoni.

Alitazama hotpoti. Nyanya, maji na chumvi. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ilimtazama kutoka mle ndani. Rangi ikamtoka, ikarudi, ikamtoka tena.

"Mama Joyce," alisema kwa huzuni kubwa, "kumbe hakubadilika."

"Bwana Wakili," hakimu alisema, "ulikula kielelezo cha Jamhuri?"

"Mheshimiwa, niliamini ni mke wangu. Yaani, mapishi ya mke wangu."

"Ulimaliza?"

"Nililamba kifuniko."

"Basi wewe ndiye shahidi pekee aliyebaki. Sema mbele ya mahakama. Ulichokula kilikuwa nyama gani?"

Hapa, msomaji, kaa vizuri. Evarist ana miaka ishirini na tatu kazini na hajawahi kuulizwa swali gumu kama hili. Akisema swala, Jamhuri imeshinda. Lakini akisema swala, yeye naye amepatikana na nyara za serikali bila kibali, tena amezificha mahali ambapo hata askari wa upekuzi hafiki. Miaka ishirini. Alijipapasa tumbo. Tumbo likajibu kwa sauti.

"Mbuzi, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Mbuzi kabisa! Kidogo tu nimsikie akilia."

Mwamvua akafunika mdomo kwa khanga. Mabega yake yalikuwa yanacheza, na Costancia hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Kama mshauri," Costancia alisema, "naishauri Jamhuri iondoe shauri hili."

"Jamhuri imepokea ushauri," Evarist alisema haraka. "Jamhuri inaondoa, Mheshimiwa. Jamhuri inaomba na maji ya kunywa."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Costancia aajiriwe mtu kuufuata ushauri wake. Hakimu akavuta karatasi ya kumwachia huru Mwamvua, akashika kalamu. Askari akaanza kutafuta ufunguo wa pingu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na hapa ndipo msimulizi wenu mwenye mvi alipopenda kumalizia.

Lakini Costancia ana ugonjwa wa watu wa sera. Hawezi kuacha jambo likiwa nusu.

"Kikaratasi kilikuwa kwenye hotpoti ya mzee Evarist," alisema. "Uzi haujifungui wenyewe. Ni nani aliyekihamisha?"

"Nani aliingia ofisini asubuhi?" hakimu aliuliza.

"Hakuna," Evarist alisema. "Mimi, na mshauri, na... aliyeleta chakula."

Wote wakageuka mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama binti mmoja, tangu mwanzo, amekuja kuchukua vyombo. Sikumtaja kwa sababu hana umuhimu wowote katika hadithi hii. Ni binti wa heshima, mwenye akili, anayependwa na walimu wake, na ningeshauri wasomaji tumwache aende zake.

"Joyce!" Evarist alinguruma.

Binti akarudi nyuma hatua moja. Nyuma kulikuwa na askari.

"Sogea hapa," hakimu alisema. "Jina?"

Sawa.

Sawa, nimekamatwa. Sina mvi. Vyeti ninavyo viwili, kimoja cha kubatizwa. Joyce ni mimi. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tano, na hadithi hii nimekuwa naiandika na kuificha chini ya godoro kwa sababu matroni wetu hapendi fasihi.

"Baba alininyang'anya simu," nilisema. "Nilitaka tu akifungua hotpoti yake asikie baridi, ajue uchungu. Nikahamisha kikaratasi, nikabadilisha hotpoti. Sikujua mtu atakula chochote. Nisamehe, Mheshimiwa. Nisamehe, mama Mwamvua. Dada Costancia, pole kwa ulimi."

Baba alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo linasubiri kufika nyumbani. Lakini hakimu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama orodha.

"Bwana Wakili, hotpoti uliyomaliza ilikuwa na vipande vingapi?"

"Sita, Mheshimiwa. Nakumbuka kila kimoja."

"Orodha inasema saba."

Feni. Kila mara hiyo feni.

"Joyce," hakimu alisema, "umesoma bweni. Ulishika hotpoti yenye nyama, peke yako, asubuhi, kabla ya chai."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Cha saba kiko wapi?"

Mwamvua aliinua uso. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, yule mama aliyekuwa anamhurumia kila mtu hakunihurumia. Alinitazama moja kwa moja, akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha mtu anayefukuza inzi.

Nimelelewa kusema kweli, na nimezoea kutoisema.

"Nilikula mimi, Mheshimiwa," nilisema. "Kimoja tu. Lakini naomba, tafadhali sana, nisiulizwe kilikuwa nyama gani."

Hakimu Filomena akaweka kalamu chini. Karatasi ilikuwa haijatiwa sahihi.